Mshale wa Nukta Nukta

Nilibandika karatasi la manila
ukutani mwa ghala la chama, juu huku Newala,
kwa uji wa muhogo, maana gundi ya ofisi
ilikauka tangu Machi.
Visanduku vitano, mishale sita.
Nilikesha nayo nyumba ya wageni,
rula ya mwanangu mkononi, nikijisifu:
hata asiyejua kusoma, hii ataisoma.

Mkulima. Chama. Ghala. Mnada. Benki.
Korosho zinapanda, fedha zinashuka.
Kigumu hapo ni kipi?

Akaanza Mtukwao, mpulizaji wa salfa,
kofia yake bado ina umanjano ukingoni:
"Mbona sanduku la benki ni sawa na langu?"
Nikasema visanduku havipimi ukubwa.
"Vinapima nini?"
Havipimi kitu, nikasema. Vinaonyesha tu.
Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu
aliyeuziwa kitambaa kwa kukadiria.

Kijana mmoja, nyuma, juu ya magunia,
alitaka kujua upinde kaushika nani.
"Mshale hauendi wenyewe, afisa."
Watu wakacheka. Mimi pia, kidogo,
huku nikipekua daftari la mafunzo
kutafuta ukurasa wenye jibu.

Ndipo akainuka Somoe Nantambo,
mtoto mgongoni, usingizini, mdomo wazi.
Hakuharakisha. Alisogea hadi karatasini,
akasimama karibu mno, nikadhani haoni vizuri.

"Sisi maji yetu yako bondeni," akasema.
"Kushuka unashuka na ndoo tupu, unapiga soga.
Mzigo uko kwenye kupanda.
Hapa umeniweka chini. Sawa.
Mshale wangu wa kupanda mnene, mweusi,
haukukatika popote: ni korosho zangu,
zilipanda zote, hata mimi nilihesabu.
Ila huu wa kushuka, wa fedha…"

Kidole chake kikatembea nukta kwa nukta.
"Hapa zimedondoka.
Hapa zimedondoka.
Na hapa.
Ahsante, afisa. Miaka yote tunaambiwa kwa maneno.
Leo mtu kachora ukweli."

Wakapiga makofi. Si yale ya kukaribisha wageni.

Ningewaambia nini?
Kwamba saa saba za usiku markapeni iliniishia,
nikaigonga mezani, ikatema, ikagoma,
nikaipulizia pumzi, ikatema tena,
mstari ukatoka hivyo?
Sikukusudia makato. Sikukusudia lolote.
Katibu wa chama alinitazama
kama niliyemvua nguo hadharani,
nami nikamtazama karani wa mizani,
naye akatazama mizani.

Lakini Somoe alikuwa hajakaa.
"Na Oktoba iko wapi?"
Oktoba?
"Mzigo umefika ghalani, mnada bado."
Akaweka kiganja kati ya sanduku la tatu na la nne,
penye weupe, penye nafasi niliyoiacha
ili picha ipumue, kama tulivyofundishwa.
"Hapa ndipo ninapokopa mchele kwa Chihipu.
Hapa sare za shule. Hapa mama mkwe aliugua.
Hapa ndipo tunapoishi, afisa,
na wewe hujachora kitu."

Kiganja kilipoondoka kiliacha alama,
vumbi la magunia, vidole vinne na nusu.

Niliikunja, nikarudi nayo Mtwara.
Mkuu wangu akaikunjua mezani,
akahamisha kikombe kikae juu ya Mkulima
ili karatasi isijikunje,
akaitazama kwa muda wa kumeza andazi moja.
"Safi," akasema. "Inajieleza yenyewe.
Futa hilo doa. Na huu mstari hafifu
ukoleze, watu wasije wakaelewa vibaya."

Nimenunua markapeni mpya.
Kifuniko nimekivua, wino unanukia ukali,
umejaa, unateleza, hauna shida.
Ncha iko juu ya nukta ya kwanza.
Tangu asubuhi iko hapo.